Kelele ya Mtoto wa Miwani

Watoto wengi mnaowasikia kwenye filamu zilizoingizwa sauti kwa lugha yetu si watoto. Ni wanawake wazima, wenye magoti yanayouma na wajukuu nyumbani. Mtoto wa kweli ukimweka mbele ya kipaza sauti, asubuhi atasema vizuri, mchana ataomba kwenda chooni, alasiri atalala. Na kama ni wa kiume, hujakaa sawa sauti imeshakuwa ya baba yake. Ndiyo maana kazi hiyo wanapewa akina mama. Ninayetaka kuwasimulia leo ni mmoja wao. Jina lake la utani, ambalo hata mumewe hutumia, ni Chiriku, kwa kuwa tangu alipojifunza kusema hajapumzika.

Huwezi kumsimulia Chiriku bila kumtaja mwenzake. Huyo walimwita Kengele, kwa sauti yake. Walizaliwa katika nyumba moja ya kupanga, vyumba vinatazamana, katikati ukumbi mwembamba ambao mtu akipita na ndoo mwingine lazima ajibane ukutani. Mchezo wao ulikuwa kuiga watu. Kuna siku baba mwenye nyumba alikuja kuwafokea mama zao kwa sababu ya bomba lililoachwa wazi. Kengele akajificha nyuma ya pazia na kumwita kwa sauti ya mkewe, ile sauti ya kuvuta maneno ya mtu aliyechoshwa. Yule mzee akakata maneno katikati na kuondoka mbio, ameinamisha kichwa. Mama zao walicheka mpaka wakakaa chini.

Kutoka hapo ilikuwa michezo ya shuleni, kisha vipindi vya redio, kisha studio. Wameolewa, wamezaa, wamenenepa, lakini kazini wamebaki vivulana viwili. Na hawakuwahi kutenganishwa. Studio nyingine humrekodi kila mtu peke yake, lakini hawa walizoea kusimama pamoja mbele ya kipaza sauti kimoja, bega kwa bega, wakikatizana maneno kama wanavyokatizana watoto. Wasimamizi walikuja na kuondoka, utaratibu huo hakuna aliyeugusa.

Sasa sikilizeni walivyokosana.

Mama yake Kengele alifariki, akaenda kumzika. Nyuma yake kulikuwa na mfululizo mmoja wa filamu za watoto uliokuwa haujakwisha kurekodiwa. Msimamizi akamwambia Chiriku, "Vimebaki vipande vichache tu vya mwenzako, si unamjua? Msemee." Na kweli alimjua. Alimsemea vizuri kiasi kwamba fundi wa sauti mwenyewe alishindwa kujua ni nani amesema nini. Chiriku akarudi nyumbani akijiona amemfaa mwenzake.

Kengele alikuwa bado msibani. Sebuleni kwa marehemu watoto waliwasha televisheni wapate kutulia, yeye amekaa chini na shangazi zake. Akajisikia akicheka. Sauti yake mwenyewe, kicheko chake mwenyewe, kinatoka kwenye kabati la televisheni katika nyumba ya matanga, na shangazi wote wakageuka kumtazama.

Aliporudi kazini alimwambia Chiriku neno moja tu: "Ungeniuliza." Basi. Tangu hapo miaka imepita hawajasemeshana. Wanasimama bega kwa bega, wanataniana, wanagombana na kupatana wakiwa vivulana, taa nyekundu ikizima kila mtu anafuata kiatu chake mlangoni.

Juzi hapa ikaja filamu ya watoto wawili majirani. Mmoja mrefu, huyo alikuwa wa Chiriku. Mwingine mdogo, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, huyo wa Kengele. Wanakua pamoja, wanagawana baiskeli moja, mmoja anaendesha mwingine anapumzika. Mwishoni familia ya yule mrefu inahama. Lori linaondoka naye yuko juu ya magodoro, na mtoto wa miwani anakimbia nyuma yake akipiga kelele neno moja: "Shuka!" Analipiga kwa pumzi yote aliyonayo.

Siku moja kabla ya kurekodi kipande hicho, alasiri, Chiriku alikuwa anakunja nguo na mumewe yuko barazani anashona soli za watu. Akaingia mtoto wa kwanza wa Kengele, mtu mzima sasa, fundi wa majokofu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Majokofu ya watu yamepona?"

"Yanaugua kila siku, tunashukuru." Hakucheka. Akakaa pembeni ya kitanda, juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. "Mama mdogo, mama ana kinundu kooni. Kwenye nyuzi za sauti."

Chiriku akaacha kukunja, shati mikononi.

"Daktari amepanga kumpasua. Amemwambia mpaka wakati huo asiseme kitu. Hata kunong'ona asinong'one. Na kupiga kelele ndiyo kabisa, maana uzi unaweza kuchanika. Ukichanika, hata wakimpasua sauti hairudi tena."

"Na kesho?"

"Kesho anakuja studio."

"Nyinyi mmekaa tu mnamtazama? Baba yako hana mdomo?"

"Baba amesema mpaka amechoka. Jibu ni lile lile." Kijana akatazama mikono yake. "Anasema, 'Nisipokwenda, yule atanisemea tena.'"

"Yule ndiyo mimi."

"Ndiyo wewe, mama mdogo. Nisamehe. Na usimwambie bosi wenu. Na mama akijua nimekuja hapa, mimi sina mama."

Alipoondoka, mumewe Chiriku alichungulia na sindano mdomoni. "Mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sema kitu, unanitisha."

Chumba cha kurekodia ni kidogo, kuta zimefunikwa godoro na blanketi nene. Viatu huvuliwa mlangoni. Bangili huvuliwa. Nguo iliyopigwa wanga haivaliwi, maana inalia kama karatasi. Na mtu haji na njaa, kwa sababu tumbo likinguruma linarekodiwa nalo. Fundi wa sauti, mzee mwenye kipara anayekaa upande wa pili wa kioo, amewahi kusimamisha kazi na kuuliza kwenye spika, "Tumbo la nani hilo? Lipewe mkate au litoke nje."

Asubuhi ile Kengele aliingia na kitambaa shingoni. Akaitikia salamu kwa kichwa.

"Leo hata salamu zimeadimika," fundi akasema. Kengele akatabasamu na kuvaa vipokea sauti vya masikioni.

Wakaanza na vipande vidogo. Watoto wako juu ya paa wanakula matunda ya kuiba, wanasemezana polepole. Chiriku alisema maneno yake, akasubiri ya mwenzake, nayo yakaja. Sauti ilitoka, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, mkwaruzo mwembamba, kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano yenye kutu. Kila sentensi uzi ule ulivutwa kidogo zaidi.

Fundi hakushtuka. "Mtoto ana mafua leo," akasema. "Inapendeza."

Chiriku akatazama rundo la karatasi. Kelele ya lori ilikuwa karatasi ya mwisho. Akaanza kuharibu kazi.

Kwanza alikohoa juu ya maneno yake mwenyewe. Wakarudia. Kisha akagonga stendi kwa goti. Wakarudia. Lakini kila waliporudia, Kengele naye alilazimika kusema tena, na Chiriku akaona kwamba badala ya kumwokoa anammaliza. Akabadili mbinu. Akawa anakosea pale tu Kengele anapofungua mdomo, kabla neno halijatoka.

"Dada," sauti ya msimamizi ikaja kwenye spika. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole siku nyingine zote, lakini wenye filamu walikuwa wanaingoja na simu yake haikutulia. "Dada, umekuja na nini leo?"

"Kikohozi, bosi."

"Kikohozi kinachopiga mateke?"

Kengele akageuza shingo. Alimkata Chiriku jicho moja refu, na kwenye jicho hilo Chiriku akaona kwamba amejulikana. Anajua kwamba najua, akajisemea.

Kikaja kipande cha jioni ya mwisho. Watoto wawili wamekaa kwenye ngazi, nyuma yao masanduku yamefungwa kamba. Taa nyekundu ikawaka.

"Kesho usije kuniaga," alisema Chiriku kwa sauti ya yule mrefu. Hayo yalikuwa yameandikwa. Mwenzake alitakiwa kujibu, "Nitakuja nikitaka." Lakini Chiriku hakumpa nafasi. "Ukija utapiga kelele. Ukipiga kelele utaumia."

Kwenye skrini mdomo wa mtoto mrefu ulikuwa umeshafungwa. Kengele hakumtazama mwenzake. Aliitazama skrini, akajibu kwa sauti ya mtoto wa miwani.

"Nisipokuja, utanisemea wewe."

"Sikusemei."

"Ulishanisemea."

"Niliambiwa."

"Hata mbwa huambiwa 'kaa,' akakaa." Mkwaruzo ukapanda. "Mimi namzika mama yangu, wewe unanichekesha kwenye televisheni."

"Nilidhani nakusaidia."

"Ungeniuliza. Simu ulikuwa nayo. Mdomo unao, tena mmoja unatosha mtaa mzima."

Vivulana viwili viligombana hivyo kwa sauti nyembamba, na wanawake wawili wamesimama wima hawatazamani, machozi yanamshuka mmoja mpaka kwenye kidevu. Upande wa pili wa kioo fundi alikuwa ameinua kidole juu ya kitufe na hakukibonyeza.

Msimamizi ndiye aliyebonyeza. "Samahani. Mko karatasi ya ngapi?"

Wote wawili wakainamia karatasi zao.

"Mimi hapa naona 'Nitakuja nikitaka.' Hakuna televisheni, hakuna mbwa." Akavuta pumzi. "Basi. Hakuna mapumziko ya chakula. Tunakwenda kwenye lori sasa hivi, tupate ile kelele, mengine tutayarudia baadaye. Dada Kengele, uko tayari?"

Kengele akakifungua kitambaa cha shingoni na kukiweka kwenye kiti. Akanywa maji ya uvuguvugu kwenye chupa yake, funda moja, akalizungusha kooni. Akapanga miguu. Chiriku aliijua miguu ile inavyopangwa, mmoja mbele kidogo, wa nyuma umekaza kisigino. Ndivyo anavyosimama akitaka kutoa sauti kubwa.

"Tutachukua mara kadhaa," msimamizi akasema. "Usibanie. Itoe yote."

Skrini ikawaka. Lori likaonekana, limejaa meza na magodoro, mtoto mrefu juu. Fundi akahesabu kwa vidole. Lori likatikisika, likaanza kuondoka. Mtoto wa miwani akatokea kwenye kona ya barabara akikimbia. Chiriku alisikia pumzi ya mwenzake ikiingia, ikishuka, ikijaza kifua na kuendelea kushuka mpaka tumboni. Mbavu zikatanuka zikamgusa mkono. Mtoto wa miwani akafungua mdomo.

Chiriku akakifunika kipaza sauti kwa kiganja.

Kishindo kilipasuka kwenye masikio ya watu wote. Fundi akararua vipokea sauti kichwani. Kengele akabaki na pumzi yake imejaa, mdomo wazi, hakuna kilichotoka.

"Haruhusiwi kusema," Chiriku akasema. Sauti ilikuwa yake, ya mwanamke mzima. "Ana kinundu kooni. Daktari amemkataza mpaka apasuliwe. Akiipiga hiyo kelele hasemi tena, bosi. Si kesho, si mwakani."

Msimamizi akaja mwenyewe. Akaingia mle chumbani na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akasimama mbele ya Kengele.

"Ni kweli?"

Kengele akatazama pembeni. Akakiokota kitambaa chake kwenye kiti, akajifunga tena shingoni.

"Ungeniambia, dada yangu." Msimamizi akajifuta uso. Akamgeukia Chiriku. "Haya. Piga wewe. Ulishawahi kumsemea, hakuna aliyejua."

"Sifanyi."

"Husikii? Ni neno moja."

"Nimesikia. Sauti ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa, na mimi sijaombwa naye."

"Basi nitatafuta wengine wawili, filamu nzima ianze upya. Na wakinifaa, nitakuwa nao hata filamu zinazokuja. Unaelewa ninachosema?"

"Tafuta."

Chiriku akatoka nje ya godoro na blanketi, akaokota bangili zake kwenye kisahani cha mlangoni. Alikuwa na umri ambao mtu haanzi kazi nyingine, na mume anayeshona soli, na kitu pekee alichojua duniani ni kuwa mtoto wa kiume. Bangili ya kwanza ikaanguka. Akainama. Alipoinuka, Kengele alikuwa amemshika mkono.

Hakumshika kwa upole. Alimvuta kama unavyomvuta mtoto aliyekutia aibu sokoni, akamrudisha ndani, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti. Kisha akamtazama msimamizi, akamwonyesha viatu vyake, akamwonyesha mlango. Msimamizi akatoka kwa ncha za vidole vya miguu.

Kengele akasimama nyuma ya mwenzake. Akaweka kiganja kimoja mgongoni, kingine mbavuni, pale pumzi inapoanzia. Kwa mguu wake akausukuma mguu wa Chiriku wa nyuma mpaka kisigino kikakaza.

"Una hakika?" Chiriku akauliza bila kugeuka.

Kiganja kikambonyeza. Ndiyo.

Lori likaondoka. Mtoto akatokea kwenye kona. Kiganja kikabonyeza tena, na Chiriku akapiga kelele: "Shukaaa!"

Ilitoka safi, inalia, tamu. Kengele kabisa.

"Hiyo hapo," msimamizi akasema kwenye spika, na ungesikia mabega yake yakishuka. "Mama yake mzazi asingetofautisha. Imetosha."

Lakini Kengele alikuwa anatikisa kichwa. Akazunguka mbele, akamtazama Chiriku usoni. Akaigiza mtoto analia, akaifuta ile sura kwa mkono hewani. Hapana. Akakunja uso, akaweka mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono mwingine akakielekeza chini sakafuni, kwa ukali, kama mama aliyemkuta mwanawe juu ya ukuta. Shuka hapo. Shuka sasa hivi.

"Anaamrisha," Chiriku akasema polepole. "Haombi."

Kengele akaitikia. Akarudi nyuma, akaweka viganja.

"Fundi, tunarudia."

"Bosi amesema imetosha," fundi akasema.

"Bosi wangu mimi yuko nyuma yangu. Rudisha lori."

Fundi akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama simu yake, kisha akaigeuza kifudifudi mezani. Lori likarudi.

Walirudia. Ya pili ilikuwa na hasira nyingi mno, kiganja kikamfinya. Ya tatu ilivunjika njiani. Chiriku alikuwa ameanza kuloa mgongoni, na kila alipodhani sasa imetoka, mwenzake alikuwa amesikia kitu kingine. Ilibidi aache kumkumbuka Kengele wa zamani, yule wa nyuma ya pazia, na kumpata huyu aliyesimama nyuma yake ameuma meno, ambaye kwa miaka alikuwa na mengi ya kumwambia na hakuyasema. Kelele ile ilipotoka hatimaye haikuwa nzuri. Ilikuwa imekwaruzika pembeni, ina amri na ina kwikwi ndani ya amri. Fundi hakutania. Viganja viwili vililegea, na paji la uso la Kengele likaegemea bega la mwenzake, likakaa pale mpaka lori lilipopotea kwenye skrini.

Kengele alipasuliwa wiki ile ile. Kisha daktari akamwekea kimya kirefu, wiki juu ya wiki, na hakuna aliyeweza kusema ni sauti gani itarudi, au kama itarudi. Nyumbani kwake walitembea kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Kila akitoka kazini Chiriku alipitia huko. Alikaa kwenye stuli miguuni pa kitanda na kumsimulia: fundi alivyosinzia kwenye mitambo, mumewe alivyoshona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, jirani aliyenunua jogoo asiyejua kuwika. Alimwambia na yale ambayo miaka yote alikuwa amemkosa wa kumwambia. Kengele alisikiliza, akacheka kwa mabega bila kutoa sauti, pengine akafumba macho kabisa. Chiriku hakuacha. Ukimya wa chumba kile ulimtia hofu, akaujaza kwa alichokuwa nacho.

Siku daktari alipomruhusu kujaribu, nyumba nzima ilijipanga mlangoni. Mume, yule kijana wa majokofu, shangazi mmoja. Chiriku alikuwa ameshafika, na kwa woga wake alikuwa anasimulia tena habari za jogoo.

Kengele akakaa vizuri kwenye mto. Akameza mate. Akafungua mdomo, na kwanza ikatoka hewa tupu, na mumewe akashika fremu ya mlango. Akajaribu tena. Safari hii sauti ilikuja, nene, ya chini, kama mlango wa mbao unaoburutwa sakafuni. Haikuwa kengele na haitakuwa tena. Siku hizi studio humpa sauti za akina mama wa vivulana, si za vivulana. Lakini ilikuwa sauti, na ilikuwa yake.

"Shoga," akamwambia Chiriku, "nyamaza kidogo na mimi niseme."